James Henry Ashdown, fundi bati aliyekuwa meya wa Winnipeg: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapowatembeza wageni katika mtaa wa Bannatyne, hapa Winnipeg, Kanada, kuna jengo la ghorofa sita ambalo huwasimamisha. Leo ni nyumba za kuishi, lakini mwenye macho ya biashara hatambui nyumba pale, anatambua godauni, nalo lilikuwa la Ashdown. Maswali huanzia hapo. Wengi wanaoniuliza ni Waswahili wenzangu waliohamia huku kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na baadhi yao wana maduka yao wenyewe. Ndiyo maana majibu yangu yanaelemea dukani kuliko ofisi ya meya.

Ashdown alikuwa nani hasa?

James Henry Ashdown (1844–1924) alikuwa fundi bati aliyefika kwenye makazi ya Mto Red, yaliyozaa Winnipeg, mwaka 1868 bila mtaji wa maana. Mwaka uliofuata alinunua kiduka cha fundi mwenzake, akakikuza hadi kikawa moja ya kampuni kubwa za jumla za vifaa vya chuma katika Kanada ya magharibi. Alikuwa diwani mwaka 1874 na tena 1879, kisha meya wa Winnipeg mwaka 1907 na 1908.

Alizaliwa kwenye familia ya wafanyabiashara?

Alizaliwa London, Uingereza, na wazazi wake wakamvusha bahari kwenda Kanada mwaka 1852, akiwa na miaka minane. Baba alifungua duka, duka likafilisika. Mtoto aliyeona duka la baba yake likifa hubaki na kitu moyoni, na mimi naamini sehemu kubwa ya tahadhari ya Ashdown, ile iliyowaudhi watu alipokuwa meya, ilianzia pale. Akiwa kijana aliingia uanagenzi kwa fundi bati katika mji wa Hespeler, Ontario, kwa miaka mitatu. Alipomaliza alitafuta riziki Chicago na Kansas kabla ya kugeuka kaskazini.

Winnipeg ilikuwaje alipofika?

Karibu haikuwepo. Kulikuwa na ngome ya Fort Garry ya Kampuni ya Hudson's Bay, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya manyoya, pale Mto Assiniboine unapoungana na Mto Red, na mashamba membamba yaliyopangana kandokando ya mito. Zaidi ya hapo ni majani matupu hadi upeo wa macho. Njia mbili za mikokoteni zilikutana mahali ambapo leo ni makutano ya Portage na Main, na mwaka 1862 mfanyabiashara Henry McKenney alijenga duka lake hapohapo. Watu walimcheka, kwa sababu lilikuwa mbali na mto na maji yalisimama kila mvua ikinyesha. Kijiji kikaota kuzunguka duka lile. Sensa ya mwaka 1871 ilihesabu watu 241 tu.

Reli ya karibu iliishia St. Cloud, Minnesota. Kutoka hapo zilibaki kilomita zinazokaribia 600, na Ashdown alizitembea kwa miguu akiandamana na mikokoteni ya ng'ombe. Ile mikokoteni ya Mto Red ni ya kuelezwa: ilikuwa ya mbao na ngozi mbichi tu, bila hata msumari wa chuma, ili ikivunjika njiani itengenezwe kwa mti wowote uliopo. Ekseli hazikupakwa mafuta, maana vumbi lingeganda na kuzila. Matokeo yake magurudumu yalipiga kelele ya kukwaruza iliyosikika kabla msafara wenyewe haujaonekana.

Na alifika mwaka mbaya. Mwaka 1868 nzige walimaliza ngano, na wawindaji wa nyati walirudi mikono mitupu. Makazi yaliishi kwa chakula cha msaada. Kijana wetu alifanya kibarua chochote kilichojitokeza.

Fundi bati alikuwa anauza nini?

Swali hili aliniuliza ndugu yangu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi nyumbani, na nililifurahia kuliko yote.

Mbuga za prairi hazina miti mingi, na Januari baridi hushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Mtu bila jiko la chuma na bomba la kutolea moshi hafiki Februari. Sasa fikiria bomba hilo linavyosafiri. Likiwa tayari limeviringwa, linabeba hewa tupu na kujaza mkokoteni mzima. Bati likiwa bapa, mkokoteni mmoja unabeba mabomba ya kijiji kizima. Kwa hiyo bati lilikuja limelala, na fundi ndiye aliyelisimamisha: analikata kwa mkasi, analizungusha juu ya mhimili wa chuma, anakunja kingo mbili zishikane, anazigonga kwa nyundo ya mbao, kisha anafinya ncha moja iwe na mikunjo midogo ili iingie ndani ya bomba linalofuata. Faida yake ilikuwa ndani ya mikono ile. Ongeza ndoo za maziwa, birika, vikombe, beseni, na ukarabati wa vyote hivyo vikitoboka.

Mwaka 1869 alinunua biashara ya fundi aliyeitwa George Moser. Wakulima walipoanza kumiminika, rafu zikapanuka: misumari, shoka, bawaba, majiko, vioo, rangi, kamba, na baadaye waya wa miiba. Wakulima wa prairi walikuwa na pesa mara moja tu kwa mwaka, ngano ikishauzwa, hivyo duka la huku halikuweza kuishi bila daftari la madeni. Muuzaji wa jumla alimkopesha mwenye duka la kijijini, mwenye duka akamkopesha mkulima, na wote watatu walitazama mawingu. Ni mali kauli ileile tunayoijua, ila mwenye deni mkubwa ni mvua.

Ni kweli aliwahi kufungwa?

Ndiyo, na hapa lazima nieleze kwa kirefu, maana kufungwa kwake husimuliwa mara nyingi kwa upande mmoja.

Mwaka 1869 Kampuni ya Hudson's Bay ilikubali kuikabidhi Kanada nchi yote hii kwa pauni 300,000. Wakazi wa Mto Red, wapatao 12,000, hawakuulizwa. Wengi wao walikuwa Wametis, watu wa damu ya wenyeji na ya wafanyabiashara wa manyoya kutoka Ulaya, waliokuwa na mashamba, makanisa na lugha zao hapa kwa vizazi kadhaa. Kabla hata makabidhiano hayajafanyika, wapima ardhi wa Kanada walianza kukokota minyororo yao ya kupimia juu ya mashamba ya watu. Mwezi Oktoba kijana wa Kimetis aliyeitwa Louis Riel na wenzake waliwazuia. Mwezi Novemba waliiteka Fort Garry.

Ashdown alikuwa upande wa wahamiaji wapya kutoka Ontario, waliotaka Kanada iingie mara moja. Tarehe 7 Desemba 1869 alikuwa miongoni mwa wanaume waliojikusanya na silaha nyumbani kwa daktari na mfanyabiashara John Christian Schultz. Walizingirwa wakajisalimisha, wakafungwa ndani ya Fort Garry. Ashdown alikaa humo zaidi ya miezi miwili, akaachiwa Februari 1870.

Mtazame wakati huohuo mfanyabiashara mwingine, yule ambaye mtaa unaitwa kwa jina lake. Andrew Bannatyne alizaliwa visiwa vya Orkney, Scotland, akaja huku akiwa mtumishi wa Hudson's Bay, kisha akajitegemea. Alimwoa Annie McDermot, binti wa mfanyabiashara tajiri na mama wa Kimetis. Yeye alichagua kukaa na Riel, akawa mkuu wa posta katika serikali yake ya muda, akijaribu muda wote kuzuia damu isimwagike. Bibi Annie naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Mshairi mmoja kutoka Ontario, Charles Mair, alipoandika kwenye gazeti la Toronto maneno ya kuwadhalilisha wanawake wa Kimetis, Annie alimngoja dukani, penye posta, akamcharaza kwa mjeledi wa farasi mbele ya watu. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa 1869.

Wawili hawa waliuza vitu vilevile kwa watu walewale. Bannatyne alikuwa ameoa ndani ya nchi, na aliijua kabla haijaitwa Manitoba. Ashdown alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu hapa. Simlaumu kwa kutoijua nchi, ila wanaomsimulia kama shujaa aliyeteswa wasisahau kwamba waliomfunga walikuwa wanalinda mashamba yao.

Aliingiaje kwenye siasa?

Kupitia kodi. Manitoba ilikuwa mkoa wa Kanada tangu Julai 1870, lakini Winnipeg haikuwa na hadhi ya mji: hakuna barabara zilizojengwa, hakuna mifereji, hakuna kikosi cha zimamoto, kwa sababu hakukuwa na mamlaka ya kukusanya kodi. Wenye maduka walitaka baraza. Wamiliki wakubwa wa ardhi, Hudson's Bay ikiwa mbele, hawakutaka, maana bili ya kodi ingeanzia kwao. Ashdown aliongoza kamati ya wananchi iliyodai hadhi ya jiji.

Mapambano yalikuwa makali. Muswada wa kwanza ulikwama katika bunge la mkoa mwaka 1873, na hasira za watu zikamwangukia spika, Dk. Curtis Bird. Usiku mmoja wa Machi aliitwa kwenda kumtibu mgonjwa. Mgonjwa hakuwepo. Alivamiwa njiani akamwagiwa lami ya moto. Siwezi kulipunguza uzito tendo hilo kwa sababu tu wenye kudai jiji walikuwa na hoja nzuri.

Muswada mpya ulipita, na tarehe 8 Novemba 1873 Winnipeg ikawa jiji, ingawa wakazi wake walikuwa wachache kuliko wa vijiji vingi tunavyovijua. Baraza la kwanza lilianza kazi Januari 1874, na Ashdown alikuwemo kama diwani.

Utajiri wake ulitoka wapi hasa?

Kwa jibu fupi, reli. Kwa jibu la kweli, nauli ya mizigo.

Wahandisi wa serikali walikuwa wamepanga reli ya kuvuka bara ipite Selkirk, kaskazini mwa Winnipeg, kwa sababu Mto Red hufurika. Wafanyabiashara wa Winnipeg, Ashdown akiwa mstari wa mbele, walihangaika kuivuta kwao. Mwaka 1881 mkataba ulifungwa na kampuni ya Canadian Pacific: jiji lilitoa dola 200,000, kiwanja, daraja la kuvukia mto, na msamaha wa kodi wa milele kwa mali ya reli ndani ya jiji. Wa milele! Walipakodi wa Winnipeg walibeba ahadi hiyo kwa miongo mingi baada ya walioitoa kufa.

Reli ilipothibitika, watu walishikwa na wazimu wa viwanja. Kati ya 1881 na majira ya kuchipua ya 1882 kiwanja kiliuzwa asubuhi na kuuzwa tena jioni kwa bei nyingine. Kisha puto likapasuka. Bannatyne, aliyekuwa ameweka mali nyingi kwenye ardhi, alipoteza karibu kila kitu. Ashdown alibaki amesimama, na duka lake likaendelea kuuza misumari.

Mwaka 1886 Canadian Pacific ilikubali kuwapa wafanyabiashara wa jumla wa Winnipeg punguzo la asilimia 15 kwa mizigo inayotoka Winnipeg kwenda magharibi. Ukiuza jumla utaelewa mara moja. Ashdown anaagiza mabehewa mazima kutoka mashariki kwa bei nafuu, anayafungua kwenye ghala lake, anagawa mzigo vipande vidogo, anausafirisha kwenda mbele kwa punguzo. Mwenye duka wa Calgary akiagiza mwenyewe kutoka Montréal, hawezi kumfikia kwa bei. Punguzo hilo halikushuka kutoka mbinguni. Lilidaiwa na chama cha wafanyabiashara cha Winnipeg, ambacho Ashdown aliwahi kuwa rais wake. Kwa hiyo mtu akiniuliza Ashdown alianza lini siasa, huwa najibu kwamba hakuwahi kuiacha, kwa sababu bei ya kila msumari wake ilikuwa imepangwa kwenye kikao. Baadaye alifungua matawi Calgary, Saskatoon na Edmonton.

Na lile jengo la Bannatyne?

Namba 167. Ujenzi ulianza 1895, likaongezwa mara kadhaa kadiri biashara ilivyokua. Mtaa mzima ule ulijengwa kwa ajili ya mizigo: njia za reli ziliingia katikati ya majengo, behewa likasimama mlangoni mwa ghala. Ukienda, tazama unene wa kuta. Chuma ni kizito, na sakafu ya kubeba masanduku ya misumari kwenye ghorofa sita haijengwi kwa kubahatisha.

Nilisikia duka lake liliungua. Ilikuwaje?

Tarehe 11 Oktoba 1904 moto mkubwa uliteketeza majengo katikati ya jiji, na duka lake la rejareja, kona ya Main na Bannatyne, likaenda nao. Alijenga upya palepale, na jengo hilo bado limesimama.

Lakini moto ule ulikuwa na mkia mrefu. Visima vya jiji havikuwa na maji ya kutosha kuuzima, hivyo maji machafu ya Mto Assiniboine yalisukumwa ndani ya mabomba. Homa ya matumbo ikalipuka. Mwaka huo na uliofuata, kila mwaka iliua zaidi ya watu 100. Walioumia zaidi ni wa North End, upande wa pili wa reli, walikokaa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, wengi wakitumia vyoo vya sanduku nje ya nyumba kwa sababu mabomba ya maji taka hayakuwafikia. Duka lilijengwa upya haraka kuliko mabomba hayo.

Alipokuwa meya alifanya nini?

Alichaguliwa Desemba 1906, akaanza kazi 1907. Jiji lilikuwa linakua kwa kasi ya kutisha: watu 42,340 mwaka 1901, na 136,035 mwaka 1911. Lilikopa sana, na mwaka 1907 masoko ya fedha duniani yakayumba, hatifungani za jiji zikawa ngumu kuuzika.

Ashdown aliliendesha jiji kama duka lililozidiwa na madeni: alibana matumizi, akadai hesabu zinyooke, akataka miradi mikubwa isubiri. Mradi uliosubiri zaidi ni bwawa la umeme la jiji huko Pointe du Bois, ambalo wapiga kura walikuwa wamelipitisha mwaka 1906 wakiwa wamechoshwa na bei za kampuni binafsi. Walimlaumu sana. Bwawa lilianza kutoa umeme 1911, na bei ya umeme ikashuka sana.

Maoni yangu: alikuwa sahihi kuhusu deni, na alikosea kuhusu umeme. Heshima ya jiji kwa wakopeshaji ilirudi, na hilo si jambo dogo. Lakini familia ya North End ilihitaji taa na maji safi mwaka uleule, siyo vitabu vikishasawazishwa.

Kwa nini wafanyabiashara ndio waliochaguliwa kila mara?

Kwa sababu wao ndio waliopiga kura. Kura ya jiji ilifungwa kwenye mali. Mwaka 1906, jiji likiwa na watu wapatao 100,000, daftari la wapiga kura halikufikisha majina 8,000. Aliyemiliki mali katika kata kadhaa aliweza kupiga kura katika kila kata. Mpangaji maskini, hata awe amejenga nusu ya mtaa kwa mikono yake, hakuwa na neno. Ukishajua hilo, huhitaji kumdhania Ashdown roho mbaya. Alikuwa mtu mwaminifu aliyewajibika kwa waliomchagua, na waliomchagua walifanana naye.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya nani?

Ya Waanishinaabe, Wacree na Wametis. Mkataba wa Kwanza, kati ya serikali na Waanishinaabe na Wacree, ulitiwa saini Agosti 1871, na Wametis waliahidiwa ekari 1,400,000 kwa ajili ya watoto wao katika sheria iliyounda Manitoba. Ugawaji ulicheleweshwa na kuvurugwa, wengi wakauza hati zao kwa bei ya kutupa na kuhama. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitamka kwamba serikali ilishindwa kutimiza ahadi hiyo kwa uadilifu. Wakulima waliomnunulia Ashdown majiko na waya walikuwa wanajenga juu ya ardhi hiyo.

Na maji safi ya Winnipeg, yalipopatikana hatimaye mwaka 1919, yalitoka Ziwa Shoal kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 150. Ujenzi wake uliwaacha Waanishinaabe wa Shoal Lake 40 wametengwa na bara, na kwa zaidi ya miaka 20, hadi 2021, wao wenyewe waliambiwa wachemshe maji yao kabla ya kuyanywa.

Familia na dini yake?

Alikuwa Mmethodisti wa dhati. Alimwoa Susan Crowson, na mwanawe Harry aliendeleza kampuni. Aliongoza bodi ya Chuo cha Wesley na kukichangia. Chuo hicho ni mmoja wa mizizi ya Chuo Kikuu cha Winnipeg, wanakosoma leo vijana wetu kadhaa.

Alifariki lini, na nini kimebaki?

Alifariki 5 Aprili 1924. Kampuni iliuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyumba yake kubwa iko namba 529 Wellington Crescent, na sasa ni mkahawa.

Kama una saa moja tu, achana na nyumba hiyo uende mtaa wa Bannatyne asubuhi, kabla magari hayajajaa. Anzia kona ya Main, lilipoungua duka. Shuka kuelekea mtoni hadi namba 167. Halafu rudi makutano ya Portage na Main, simama pale McKenney alipochekwa, na uhesabu ni lugha ngapi zinakupita. Mara nyingi moja yao ni Kiswahili.